Kamera ya Tatu

Kwa misimu miwili kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya kontena la chuma na kurudisha nyuma mambo yaliyokwisha kutokea. Kontena lilipakwa rangi nyeupe na kuwekwa pembeni mwa uwanja wa besiboli, nje kidogo ya Jeddah. Ndani, kiyoyozi kilivuma mpaka nikawa navaa jaketi huku watu wa nje wakijipepea kwa makaratasi. Mbele yangu kulikuwa na skrini nne, moja kwa kila kamera. Wachezaji wakibishana kama mtu amefika kwenye besi, kituo anachokimbilia, au ametolewa, mwamuzi aliniomba picha, nami nikampa. Uamuzi ulikuwa wake. Niliipenda kazi ile kwa sababu hiyo hasa. Nimeishi ughaibuni miaka mingi, na nimejifunza kwamba mtu asiyeamua chochote ni vigumu kumfukuza.

Watu wa kwetu hushangaa mtu wa Pwani ya Kenya ameijulia wapi besiboli. Niliijulia shuleni. Nilipokuwa kidato cha pili alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, kijana mwembamba aliyekula ugali kwa kijiko, akaleta gunia la glavu za ngozi na magongo matatu ya mbao. Tulicheza kwenye uwanja wa vumbi ambao mbuzi waliuona ni wao. Besi zetu zilikuwa magunia ya sukari yaliyojazwa mchanga. Mimi nilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuidaka mipira inayorushwa, na kidole changu kimoja cha mkono wa kulia mpaka leo hakinyooki. Mwalimu alipoondoka alituachia glavu zile, panya wakazila. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kutangatanga, na sidhani kama nimeacha. Nairobi, Dar, Doha miezi tisa, kisha Riyadh. Kila mji nilipofika niliukumbuka ule nilioutoka, hata kama nilipokuwa huko nilikuwa nikiulaani.

Riyadh nilianzia Al-Dirah, kwenye duka la mazulia la mtu wa Yemen, kazi ya kukunjua na kukunja. Baadaye nikapata kafili mwingine, mdhamini wa kibali changu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, nikawa dereva wake. Bosi huyu alisoma Marekani ujanani na akarudi na ugonjwa wa besiboli. Alijenga uwanja mmoja kwenye shamba lake nje ya Riyadh na mwingine Jeddah, akawakusanya wauguzi Wafilipino, wahandisi Wajapani na Wakorea, walimu Waamerika, akaunda timu moja kila mji. Siku moja nikimngoja kando ya gari, mpira ulitoka uwanjani ukanijia. Nikaudaka kwa mkono mtupu na kuurudisha moja kwa moja mpaka besi ya pili.

"We dereva!" akaniita. "Nani kakufundisha?"

"Mjapani, bosi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Mwezi uliofuata aliponunua mashine ya kurudishia picha, akasema hataki fundi asiyeujua mchezo, ataniweka mimi. Nikahamia Jeddah.

Mashine yenyewe haikuwa ya kisasa. Iliweza kurudisha nyuma, kupunguza kasi na kusimamisha, basi. Haikuweza kuvuta picha karibu wala kukata kipande. Tena ilikuwa na sharti moja aliloliweka bosi mwenyewe. Kulikuwa na mechi kule Riyadh iliyokaribia kuisha kwa ngumi, kwa sababu walioshindwa walidai mwamuzi ameonyeshwa picha ambayo wao hawakuonyeshwa. Bosi akaapa jambo hilo halitarudiwa. Akamwita fundi, akamwambia aunganishe nyaya ili kila picha inayokwenda kwenye skrini ndogo ya mwamuzi iende saa hiyo hiyo kwenye skrini kubwa inayotazamana na jukwaa. Nisingeweza kuzitenganisha hata ningetaka. Anachokiona mwamuzi, wanakiona wote.

Nyuma ya jukwaa, karibu na mabomba ya kutawadhia, palikuwa na jiko. Aliyelishika ni bibi mmoja mwenye asili ya Unguja, aliyeletwa Jeddah mgongoni mwa mama yake baada ya mapinduzi na hajawahi kurudi. Alikaanga sambusa na bajia za dengu, akauza na chai ya tangawizi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazazi wake, hakikuchuja. Mimi nilikuwa mteja wake na mtu wake wa kupiga naye soga.

Siku moja nilimkuta na msaidizi, mwanamke wa thelathini na kitu, wa kutoka upande wa Nakuru. Bibi alinivuta kando.

"Mwanangu, huyu hujamuona."

"Nimemuona, bibi."

"Nakwambia hujamuona."

Nikaelewa. Dada yule alikuwa amefanya kazi miaka minne katika nyumba moja mtaa wa Al-Safa, akimuuguza bibi kizee aliyepooza. Alimlisha kwa mkono, alimgeuza kitandani, alimwogesha. Kizee alipofariki, dada aliomba arudi nyumbani. Alikuwa na binti aliyemwacha ana miaka mitatu. Madam wa nyumba akamwambia asubiri, kisha bila kumuuliza akapanga kumpeleka kwa ndugu yake mji mwingine kulea watoto pacha. Pasipoti walikuwa nayo wao. Asubuhi moja alitoka kutupa taka, na baada ya kuutupa mfuko akaendelea kutembea. Wiki iliyofuata ripoti ya utoro iliandikwa kwa jina la kafili wake, mume wa madam, mtoto wa yule kizee. Tangu hapo askari yeyote akimtaka ikama, kile kibali cha kuishi, mambo yameisha. Angekamatwa, angefungiwa, na nani ajue angetoka lini na kwa njia gani.

Nilimwambia dada ukweli: naogopa. Naogopa kwa ajili yako na naogopa kwa ajili yangu, maana wote wanajua nakula hapa kila siku.

"Kaka, wewe unaogopa?" akaniambia huku akikunja sambusa, vidole vyake havisimami. "Mimi nikisikia mlango wa gari ukifungwa, tumbo linashuka. Lakini sambusa lazima zikunjwe."

Alivaa barakoa kila wakati. Siku za mechi hakutoka jikoni. Miezi miwili ilipita hivyo.

Kisha ikaja Ijumaa ya mwezi wa Januari, timu ya Riyadh ilipokuja kucheza na ya Jeddah. Walianza baada ya sala ya Alasiri. Jukwaa lilijaa, familia kwa familia. Bosi alikaa katikati kwenye viti vya kitambaa na wageni wake. Niliwaangalia kwenye skrini ya nne, kamera iliyokuwa juu ya kontena langu, kwa udadisi tu. Mmoja wa wageni alikuwa mtu wa makamo, mpole wa uso, mwenye miwani na ndevu zilizoanza mvi upande mmoja kuliko mwingine.

Uso huo niliufahamu. Dada alikuwa ameniwekea picha mbele ya macho wiki chache nyuma, kwenye simu ya bibi: kizee kitandani, yeye kando ameshika bakuli, na nyuma yao mtu wa miwani na ndevu za mvi upande mmoja. "Huyu ndiye baba wa ile nyumba," alikuwa amesema.

Sikuweza kuondoka kontenani, maana mechi ilikuwa inaendelea na redio ya mwamuzi ilikuwa sikioni. Nikampigia bibi. Hakushika. Nikapiga tena, nikajua mikono yake imo kwenye unga. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikajisikia nanong'ona kama mwizi: "Bibi, yule baba wa Al-Safa yuko jukwaani. Asitoke jikoni. Tafadhali asitoke."

Muda ukapita. Jibu likaja, maneno mawili tu: "Tumesikia. Hatoki."

Nikatulia kidogo. Mchezo ulikuwa wa kukaza roho, Jeddah wakiongoza kwa pointi moja tu. Taa za uwanja ziliwashwa, jua likawa linazama, Magharibi imekaribia. Ikaingia zamu ya mwisho ya Riyadh kupiga. Hapo ndipo nilipomwona kwenye skrini ya nne yule mtu wa miwani akisimama, akikunja mikono ya kanzu, akishuka ngazi. Alikuwa anakwenda kutawadha kabla ya msongamano. Mabomba yako hatua kumi kutoka mlango wa jiko, na mlango wa jiko hauna pazia.

Sikufikiri. Nilipiga simu, safari hii akashika dada mwenyewe.

"Toka jikoni sasa hivi," nikamwambia. "Anakuja kwenye mabomba. Pita nyuma, njoo usimame huku kati ya kontena langu na tangi la maji. Kutoka jukwaani hapaonekani."

"Una hakika kaka?"

"Nina hakika. Kontena linaziba. Yalla."

Nilisikia hatua zake nje ya ukuta wa chuma, karibu kabisa na bega langu. Nilikuwa nimepima macho ya yule mtu: akiwa mabombani haoni, akirudi jukwaani haoni. Mimi, mtu niliyeshinda misimu miwili mbele ya kamera, nilipima macho ya binadamu tu.

Dakika mbili baadaye mpigaji wa Riyadh aliupiga mpira ukaenda mbali kulia. Mwenzake aliyekuwa besi ya pili akaanza kukimbia. Alikuwa muuguzi Mfilipino, mfupi, mwenye mbio za kushangaza. Akapita besi ya tatu bila kusimama. Mpira ukarushwa kurudi nyumbani, besi ya mwisho anaposimama mpigaji, mdakaji wa Jeddah akaudaka na kumwangukia ili amguse nao, muuguzi akateleza kwa mgongo miguu mbele, vumbi likafunika kila kitu. Mwamuzi akakunja ngumi juu: ametolewa. Angekuwa amefika, zingekuwa sare na mchezo ungeendelea. Kwa kuwa ametolewa, naye ni wa tatu katika zamu ile, mechi imekwisha na Riyadh wameshindwa.

Uwanja ukalipuka. Kocha wa Riyadh akakimbia akichora mraba hewani kwa vidole, ishara ya kuomba picha. Yule mtu wa miwani, kwa kelele zile, alikuwa ameshaacha mabomba na kurudi kitini, mikono ya kanzu bado imekunjwa.

Mwamuzi akaja kwenye skrini yake ndogo chini ya mwavuli. Naye alikuwa Mfilipino, fundi wa maabara siku za kazi, mtu mkali kwa haki. Timu zote mbili zilikuwa na ndugu zake, na hakuwahi kumpendelea hata mmoja.

"Nipe moja," akasema redioni.

Nikampa ya kwanza. Mgongo wa mdakaji ulikuwa umeziba. Ya pili ilionyesha vumbi na kofia. Ya nne, kutoka juu yangu, ilionyesha mabega mawili yakigongana.

"Hakuna kitu hapa," akasema. "Nipe tatu."

Kamera ya tatu ilikuwa juu ya mlingoti mrefu upande wa pili wa uwanja. Nikairudisha kwenye skrini yangu kabla ya kumpelekea, kama nilivyozoea. Ilionyesha kila kitu. Kisigino cha muuguzi kilikuwa kimegusa besi, na glavu ya mdakaji ilikuwa bado umbali wa kiganja kutoka gotini mwake. Amefika. Mtoto mdogo angeona.

Na juu kidogo ya kisigino kile, kwenye upenyo kati ya kontena na tangi la maji, alisimama dada. Taa ya uwanja ilimmulika kama iliwekwa kwa ajili yake. Alikuwa ameshusha barakoa mpaka kidevuni ili apumue, na alikuwa ameinua uso, anachungulia upande wa jukwaa amwone yule anayemkimbia. Kwenye skrini yangu uso wake ulikuwa mdogo kama sarafu. Kwenye skrini kubwa ungekuwa mkubwa kama sinia, mbele ya mtu aliyeishi naye nyumba moja miaka minne.

"Nipe tatu," mwamuzi akarudia.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Namwona mpaka leo muuguzi yule, kwenye skrini ya nne, amesimama na vumbi mwili mzima, ameweka mikono kichwani, anaitazama skrini kubwa. Hakuwa na wasiwasi. Alijua amefika, alikuwa anangoja wengine wajue.

"Tatu haina picha," nikasema.

"Haina picha vipi? Zamu iliyopita ulinipa."

"Imegoma."

Nilisikia pumzi zake.

"Una hakika?"

"Nina hakika." Mara ya pili jioni ile kusema hivyo, na mara zote mbili nilikuwa mwongo, ingawa ya kwanza sikujua.

Mwamuzi akatoka chini ya mwavuli, akakunja ngumi tena. Bila picha ya kupinga, uamuzi wa mwanzo unabaki. Muuguzi akachuchumaa palepale kwenye besi, akapiga ardhi kwa kiganja mara moja, akanyanyuka. Nje ya ukuta wangu nikasikia dada akiuliza taratibu, "Kaka, wanashangilia nini?"

Nikamwambia kupitia ukuta avae barakoa, asisogee.

Bosi alikuja kontenani kabla ya adhana kwisha. Akaniuliza kamera imekuwaje, nikamwambia imegoma. "Kesho asubuhi fundi ataiangalia," akasema. Picha zilikuwa ndani ya mashine, na neno la siri la kuzifuta alikuwa nalo fundi peke yake.

Jumamosi saa nne niliitwa majlisi, sebule ya wageni, nyumbani kwa bosi Jeddah. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Fundi alikuwa ameunganisha mashine na televisheni kubwa ukutani. Walikuwepo makocha wote wawili, mwamuzi, na wale wageni walioketi na bosi siku ya mechi, maana alitaka mashahidi kwamba hafichi kitu. Mtu wa miwani alikaa karibu na televisheni kuliko wote, kikombe cha kahawa mkononi.

Nilisimama ukutani. Nilikuwa nimekwishampigia bibi alfajiri na kumwambia amhamishe dada, naye akaniambia, "Nimpeleke wapi mwanangu, mfukoni?"

"Kamera haikugoma," fundi akasema. "Ni nzima."

"Halas, tuone," akasema bosi.

Picha ikaanza. Nikaangalia zulia. Niliyajua mazulia, lile lilikuwa la Irani, la mkono, nikahesabu maua ya pindo ili nisiinue macho. Nikamsikia bosi akipiga paja.

"Tazama mguu! Wallahi amefika! Rudisha."

Fundi akarudisha. "Amefika!" akasema kocha wa Riyadh. Wakarudisha mara tano, mara sita, wote wanaonyesha vidole kisigino. Nikathubutu kutazama. Dada alikuwa pale, pembe ya juu, uso wazi, na hakuna mtu aliyemwangalia. Nikaanza kuamini Mungu amewaziba macho.

"Rudisha mara moja tena," akasema mtu wa miwani.

Fundi akarudisha.

"Simamisha hapo."

Picha ikasimama. Mtu yule akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa, akainama mbele. Alikaa vile kwa muda ambao naweza kuuapia kuwa ni mrefu kuliko mechi nzima. Kisha akaegemea nyuma, akanywa kahawa yake.

"Amefika," akasema. "Hakuna ubishi."

Bosi akanigeukia. "Kwa nini uliificha? Watu wa Jeddah walikuahidi nini?"

"Hakuna aliyeniahidi kitu, bosi. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukosea."

"Basi umekosea!" Akanyoosha mkono. "Funguo za kontena. Utarudi Riyadh, utarudi kwenye gari. Na shukuru nakujua miaka sita."

Mwamuzi alinitazama tu, na hilo liliniuma kuliko funguo.

Mlangoni, nikiwa nimeinama natafuta ndala zangu, mtu wa miwani akainama kando yangu kutafuta zake. Hakunitazama.

"Mzima?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nani, baba?"

"Aliyekuwa akimlisha mama yangu."

"Simjui."

"Vizuri. Usimjue." Akavaa ndala moja. "Mwambie huyo usiyemjua kwamba pasipoti yake imo kwenye droo ya mama. Tangu msiba sijaifungua droo ile. Aje kesho mchana, madam atakuwa kwa dada yake."

Akaenda zake. Nikabaki nimechuchumaa pale kama mtu aliyesahau kufunga kamba, na ndala hazina kamba.

Jikoni, bibi alikataa katakata. "Ni mtego! Atakwenda atie komeo, apige simu. Miye watu hawa nimezaliwa nikawakuta."

"Bibi, umeletwa hapa mgongoni," dada akamwambia.

"Haya, nimeletwa nikawakuta. Ndiyo uende?"

Mimi nikamuunga mkono bibi. Nilisema mtu aliyeandika ripoti ile jana hawezi kuwa mwema leo. Dada alisikiliza mpaka tukachoka. Kisha akavua aproni.

"Ningekuwa natoroka yeye, sawa. Mimi nataka kwenda home. Pasipoti iko kwake, mtanipatia nyingine nyinyi? Kaka, leta gari."

"Wakikufungia?"

"Si utapiga honi."

Akacheka peke yake. Siku ya pili yake, nikiwa na gari la bosi nililokabidhiwa kurudi nalo Riyadh, nilimpeleka Al-Safa saa saba mchana. Nikaegesha nyumba mbili kabla, injini inaunguruma. Alishuka akatembea wima mpaka getini, akabonyeza kengele, akaingia. Geti likafungwa. Hapo ndipo nilipojua alichokuwa akisema juu ya milango na tumbo.

Nilikaa dakika arobaini. Gari la polisi lilipita polepole, nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti. Lilipita tena kwa upande wa pili. Nikafikiri kuondoka. Naandika hili kwa sababu ni kweli: niliweka gia, na gari likasogea kama urefu wa mtu mmoja. Kisha nikalisimamisha.

Geti lilipofunguka alitoka na bahasha na mfuko mdogo wa nguo alizoziacha. Macho yalikuwa mekundu. Akakaa nyuma.

"Droo ilikuwa na kitana chake," akasema. "Na bakuli. Baba alikuwa hajaliosha." Kisha akasema, "Yalla, twende," na mimi nikakanyaga klachi.

Mtu yule alikwenda naye mwenyewe kufuta ripoti. Ilichukua wiki kadhaa za kwenda na kurudi, nami nilikuwa Riyadh tayari, kila simu ya bibi ikiingia naiacha ilie mara tatu kwanza. Ya mwisho ilikuwa ni picha ya dada uwanja wa ndege wa kwetu, na msichana mrefu asiyemtazama, anatazama viatu vyake.

Miezi ikapita. Nilikuwa nimempeleka bosi kutazamwa goti katika hospitali moja Riyadh, nikakaa kwenye benchi la ukumbini kumngoja. Muuguzi akapita na kitoroli, akasimama, akarudi nyuma. Alikuwa yeye, mfupi, mwenye mbio.

"Wewe ndiwe wa kamera," akasema.

Nikasimama. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa radhi.

"Nilifika, sivyo?"

"Ulifika. Kwa kiganja kizima."

"Nimeambiwa. Kocha aliniambia waliona picha." Alisukuma kitoroli mbele kidogo, akakirudisha. "Lakini mama yangu alikuwa anatazama siku ile. Rafiki yangu alikuwa amemshikia simu ya video jukwaani. Ameona nimetolewa. Nikimwambia nilifika anasema, mwanangu, kubali tu."

Sikuwa na picha ya kumpa. Ilikuwa kwenye mashine ya bosi, na mashine hata kuiona sikuruhusiwa. Akatoa simu, akampigia mama yake papo hapo, akaniwekea mkononi. Ukatokea uso wa mama mzee, karibu mno na kioo, jicho moja na nusu ya pua.

"Mwambie," akasema.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba mwanawe alifika, nilimwona kwa macho yangu. Mama akauliza kitu kwa lugha yao.

"Anauliza, kama ulimwona, mbona hukusema?"

Mwisho wa ukumbi mlango ulifunguka, bosi akatokea akichechemea, anaongea na daktari. Dada alikuwa kwao, salama, na bado niliteremsha sauti.

"Nyuma ya mwanao alisimama mwanamke," nikasema upesi. "Angeonekana, angekamatwa. Nilimwogopea."

Muuguzi akanitazama kwanza kabla ya kutafsiri. Mama akauliza neno fupi.

"Anauliza yuko wapi sasa."

"Kwao. Na binti yake."

Jicho likasogea mbali na kioo, nikamwona mama mzima, na ukuta wa mbao nyuma yake. Alitikisa kichwa, sikujua ni kukubali au kusikitika. Akamgeukia mwanawe na kuanza kusema kwa kasi, kidole juu, kwa muda mrefu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nimekonda," akajibu, akachukua simu yake. Nami nikaenda kumshika bosi mkono.